Usukani ukianza kucheza sindimba: tunavyosaka mtikisiko wa mbele kwenye Land Cruiser za zamani

Simu huwa inaingia jioni, dereva ametoka Serengeti, wageni ameshawashusha hotelini. "Fundi, shikamoo. Gari linatikisa mbele. Nikifika themanini usukani unataka kunitoka mikononi. Niagizie shokapu ya usukani, kesho nina safari." Jibu letu ni lile lile: marahaba, lete gari kwanza, shokapu itajulikana baadaye.

Shokapu ya usukani ndiyo kifaa tunachokiuza shingo upande kuliko vyote. Haina ubaya wowote. Kazi yake ni kumeza mishtuko ya njia isimfikie dereva mikononi. Lakini gari zima, hata ukiivua kabisa, halitakiwi kutikisika. Ukifunga mpya na mtikisiko ukatulia, ujue kuna kiungo kimelegea mahali na wewe umekifunika shuka. Shokapu nayo itachoka mapema, na siku hiyo mtikisiko utarudi mkubwa kuliko mwanzo.

Tunazungumzia hasa mkonga, yaani HZJ78 na HZJ79, pamoja na VX za toleo la 80 za miaka ya 1990. Mbele zina ekseli moja nzima ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake kwenye njia zetu. Ila gurudumu la kushoto likipiga shimo, la kulia linapata habari hapo hapo. Kama kuna kilicholegea katikati, yanaanza kurushiana, kushoto kulia, kushoto kulia, na hayaachi mpaka mwendo upungue sana. Mwaka 1999 mkonga uliacha springi za majani mbele ukachukua za koili. Gari likawa laini zaidi, lakini kazi ya kuizuia ekseli isihame kwenda pembeni ikabaki kwa fimbo moja tu, panhadi rodi, inayotoka kwenye chesisi upande mmoja na kushika ekseli upande wa pili. Shika jina hilo, tutalirudia.

Kabla hatujagusa spana tunauliza: linatikisa lini? Kama ni kwenye lami, kwenye mwendo fulani tu, na ukizidisha au ukipunguza linatulia, tunaangalia matairi. Kama ni pale unapokanyaga breki, ni diski au habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kama ni unapokanyaga mafuta na mtetemo unausikia sakafuni kuliko kwenye usukani, ni krosi, yaani viungo vya propela, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Na kama gari linakwenda vizuri tu, likapiga kishimo au kiungo cha daraja, kisha mbele yote ikalipuka kutikisika, hapo viungo vya ekseli na usukani ndivyo vya kutazamwa.

Msimu wa mvua huwa tunaanza na maji. Usicheke. Tope la Ndutu, kule mbugani, likikaukia upande wa ndani wa rimu linaganda kama tofali, na gari likifika lami ya Karatu linatetemeka kama lina homa. Tumewahi kuosha rimu nne na kumrudisha mwenye gari nyumbani bila kufungua nati hata moja. Rimu zikiwa safi tunazungusha kila tairi likiwa hewani na kulitazama kwa mbele: tairi ambalo waya za ndani zimeachia huwa na kivimbe kinachopanda na kushuka, na hilo hakuna balansi itakayolitibu.

Matairi yakiwa mazima tunaenda kwenye kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka, kwa sababu hakihitaji mashine na mteja anaona kama hatujafanya kitu. Gari linabaki chini, limesimama kwa magurudumu yake lenyewe. Tukilipandisha jeki, uzito unaondoka kwenye viungo na kilicholegea kinajificha. Hendibreki juu, gia huru, magurudumu ya nyuma yamewekewa vizuizi, injini inanguruma ili usukani uwe mwepesi. Mmoja anaupeleka usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, kwa haraka. Mwingine yuko chini na tochi, akiweka kidole kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Kidole kinasikia kabla jicho halijaona.

Mkonga mmoja ulitufikia ukiwa umeshabadilishiwa shokapu ya usukani mara mbili, tairodi zote (fimbo za kugeuza magurudumu), na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, imepigwa kwingine. Bushi za panhadi rodi, yaani raba za kwenye ncha zake, nazo zilikuwa mpya, raba bado nyeusi tii. Kidole kilipofika kwenye bolti ya panhadi upande wa chesisi, kikasikia "ta! ta!" kila usukani ulipogeuka. Pembeni ya nati palikuwa na unga mwekundu wa kutu, laini kama pilipili ya kusaga. Unga huo ni chuma kinachosagana na chuma. Tulipoitoa bolti, tundu la kwenye chesisi halikuwa duara tena, lilikuwa yai. Bushi mpya ilikuwa inashikiliwa na bolti inayoogelea. Tulilijaza tundu kwa weldi, tukalitoboa upya kwa kipimo cha bolti, tukafunga bolti mpya. Ile fedha ya shokapu mbili ingemtosha dereva kulipia kazi hiyo na chenji ikabaki.

Baada ya hapo ndipo jeki inapanda. Tunashika gurudumu juu na chini, tunalivuta na kulisukuma. Likicheza, mwenzetu anakanyaga breki na tunarudia. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu, na mara nyingi zinahitaji kukazwa upya na grisi tu. Ukiendelea, ni beringi za kingipini, pale gurudumu linapokunjia. Ziko mbili kila upande, juu na chini. Hizo hatukazi kwa kukisia. Tunapima kwa mizani ya ndoano, kama ile ya wauza samaki, nguvu inayohitajika kuligeuza gurudumu, kisha tunaongeza au kupunguza shimu, vile vipande vyembamba vya chuma. Kazi hii inachukua siku nzima kwa sababu habu yote inashuka, kwa hiyo usije nayo saa nane mchana ukitaka kuondoka jioni.

Kuna kisa kingine ambacho wenye magari wanajitengenezea wenyewe: kuinua gari mbele kwa springi ndefu. Tazama uma wa baiskeli, umelalia nyuma, ndiyo maana unaweza kuachia mikono na baiskeli ikanyooka. Ekseli ya mbele nayo imelazwa hivyo hivyo. Ukilinyanyua gari, ekseli inazunguka na ule mlalo unapungua, usukani unakuwa mwepesi mno na unatangatanga barabarani. Dawa yake ni bushi za kurekebisha zenye tundu la pembeni, na zinatakiwa kufungwa siku ile ile springi zinapofungwa. Tunashangaa bado kuna wanaouza springi bila kumwambia mteja.

Likikutokea njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kupigana nao, acha mwendo ushuke wenyewe na ukanyage breki taratibu. Likitulia, egesha pembeni ukague nati za magurudumu kwa mkono. Zikizunguka kwa vidole, umeshapata jibu.

Ukija kwetu, tunatoza uchunguzi peke yake, na ukitengenezea hapa tunaukata kwenye bili. Usioshe chini ya gari, ule unga mwekundu tunauhitaji. Rimu tutaziosha sisi. Na tafadhali aje dereva anayeliendesha kila siku, si kijana wa kuliegesha, kwa sababu swali letu la kwanza ni lile la "linatikisa lini".