Biashara ndogo haifi kwa kukosa mtaji tu

Ndugu Mhariri,

Mtu akianguka kibiashara utasikia tu mtaji, mtaji, ila mimi naona tunaruka kitu kikubwa, mtazamo wa mwenye biashara. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 wakagawanywa makundi matatu, moja likapewa mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko, jingine likafundishwa kujituma, yaani kuanza jambo kabla hujasukumwa, kubuni kitu tofauti, kutokata tamaa, la tatu halikufundishwa chochote. Faida ya wale wa kujituma ikapanda kwa asilimia 30 ukilinganisha na wasiofundishwa, wale wa hesabu asilimia 11 tu, tena hiyo 11 kitakwimu haikuwa na uhakika, yaani huenda ilitokea kwa bahati tu!

Na hata kwa macho inaonekana, mteja anaulizia kitu mara tatu, muuzaji mmoja anajibu "hakuna" anarudi kwenye simu yake, mwenzake anaandika kwenye daftari na wiki ijayo kashakileta. Sisemi hesabu hazina maana, kujitosa bila kupiga hesabu ni hatari. Ila wanaoandaa semina za wajasiriamali jamani, msimalize siku nzima kwenye mizania, kujituma nako kufundishwe, kunafundishika.

Msomaji wenu