Chenji ya rada, na ankara zako

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, Mama Zai keshapona, na hela ya likizo tunaisikia redioni tu. Lawama za ukimya utanipa tukionana, sasa hivi nina shida.

Wanafunzi wangu wa mdahalo wamepewa mada ya demokrasia na utoroshaji wa fedha. Nikawapa mfano wa rada ya kuongozea ndege ya BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, rada ambayo serikali yetu iliinunua kwa pauni milioni 28 wakati Benki ya Dunia ilishasema ni ghali mno. Wakanogewa hasa na Mzee wa Vijisenti, yaani waziri Andrew Chenge: 2008, zaidi ya dola milioni 1 kwenye akaunti yake kule kisiwani Jersey, mwenyewe akaziita vijisenti. Alikana kwamba zinahusu rada, akajiuzulu uwaziri, na 2010 Bariadi wakamrudisha bungeni kwa kura zao. Darasa zima kicheko. Mimi kiliniishia kooni, maana hiyo kura ndiyo mada yenyewe.

Nikaendelea na chenji ya rada, zile pauni milioni 29.5 BAE walizorudisha, zikanunua vitabu na madawati. BAE walikiri mahakamani Uingereza, tena kosa lenyewe eti kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu! Mtu kakutwa na ng'ombe, anaomba radhi kwa kupoteza kamba. Faini ya hakimu, pauni laki tano. Wabunge wetu wakapanda ndege 2011 kwenda London kuidai hiyo chenji. Kudai kwa Mwingereza tunaweza sana, ila huku nyumbani... basi, yaache.

Binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani hela zinatokaje nchini? Kuna mtu anabeba begi?"

Hapo ndipo ninapokutaka wewe. Kamati ya Thabo Mbeki, rais wa zamani wa Afrika Kusini, ilisema 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka, na sehemu kubwa inapitia kwenye biashara, wala si bahasha za wakubwa. Yaani kwenye makaratasi kama yanayopita mezani kwako. Unakumbuka ule mfano wako wa genereta? Bei dola 40,000, ankara inaandikwa 90,000, benki inatuma zote, na 50,000 zinamsubiri mwenyewe huko nje. Begi la nini, wakati mhuri upo? Lakini nikiwaeleza mimi, inakuwa hadithi. Wanataka waishike karatasi.

Unaweza kunipatia nakala ya ankara, majina umeyafuta? Ya zamani yoyote. Au utakuja mwenyewe? Forodha wakiona bei imevimba, huwa wanauliza, au wanaogopa tu ile iliyopunguzwa kwa sababu ya ushuru? Na anayeuliza sana, mnamwonaje huko bandarini? Halafu Rashidi vipi, bado yupo kitengo kile au wamemhamisha kweli?

Nijibu kabla ya Ijumaa, mdahalo ni Jumamosi.

Wako,
Mwalimu Juma