Mwanangu ana miezi 14, hajaota jino

Daktari, assalaam alaykum.

Naandika kutoka Wete, Pemba. Mwanangu wa kiume ametimiza miezi 14 na hajaota jino hata moja. Ufizi wa juu naona umevimba kidogo, na hapo ndipo yalipoanzia maneno nyumbani.

Mtoto mwenyewe hana shida. Anasimama kwa kushikilia kiti, na wali bwabwa kwa samaki aliyetolewa miba anamaliza kisahani. Kwenye kadi ya kliniki uzito unapanda. Nesi aliniambia watoto wengi huanza kuota wakiwa na miezi 6 hivi, kwa kawaida yale mawili ya chini mbele, lakini wapo wanaopita mwaka, na mara nyingi ni kurithi. Kweli, hata wifi yangu alichelewa. Tena huyu nilimzaa njiti, na nesi akasema hilo nalo huchelewesha meno.

Sasa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, anahofu jino la juu litangulie, mtoto aitwe kigego, yaani mtoto anayedhaniwa kuleta mkosi. Ndiye aliyeniuguza arobaini yangu yote, nampenda, na sijapata kumjibu vibaya. Lakini siku hizi anataka mtoto apelekwe kwa mtu achanjwe fizi ili meno yatoke. Hapo moyo wangu unakataa kabisa. Wapo watoto waliochokolewa fizi kwa jina la "meno ya plastiki", yaani vijino vichanga vya ndani ya ufizi vinavyodhaniwa kuleta maradhi, wakavuja damu, wakaingia vidonda, na hata meno ya ukubwani yakaja kuharibika. Mume wangu yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi, kwa hiyo maneno yote yananiangukia mimi.

Naomba unieleze: kwa mtoto njiti, umri wa meno unahesabiwa tangu alipozaliwa au tangu siku aliyotarajiwa? Nesi amesema nisubiri mpaka miezi 18 ndipo nimpeleke kwa daktari wa meno. Nisubiri kweli, au niende sasa? Nasikia pia upungufu wa vitamini D na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huchelewesha meno. Kwa mtoto anayekua hivi, kuna haja ya kumpima damu? Nauliza kwa sababu miezi yake ya mwanzo alikaa sana ndani, hakuota jua.

Na zaidi ya yote, nimwambie nini mavyaa wangu, kwa heshima, hata akubali mtoto asiguswe na wembe? Nijibu mapema, maana ameshaanza kuulizia nauli.

Mama wa mtoto wa kwanza,
Wete