Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Morogoro: ruti ya daladala imtangulie dalali

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam kutoka Lukobe.

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 14, 2024, maneno ya madalali huku kwetu yamebadilika. Zamani walisifia udongo, maji na upepo wa Uluguru. Siku hizi kinachotangulia ni dakika: "Hapa mpaka stesheni ya Kihonda, boda dakika kumi tu." Bei inaanzia hapo. Safari iliyokuwa ikila saa nne kwenye basi sasa haifiki saa mbili, na mtu wa Dar anaiona Moro kuwa mahali pa kujenga.

Hilo ni jema. Shida ni kwamba thamani hiyo inaganda kwenye viwanja vya kando ya lami.

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu kutafuta chumba. Tuliona viwili, vyote vina choo cha ndani, mita yake ya umeme (LUKU) na dirisha la aluminiamu. Kimoja kipo daladala zinapopita. Cha pili kipo ndani, unafika kwa boda, na kodi yake ilikuwa pungufu kwa shilingi 20,000. Akataka hicho cha ndani. Nikamwambia apige hesabu: boda elfu moja kwenda, elfu moja kurudi, siku 26 za kazi, jumla 52,000. Akachukua cha barabarani. Mama mwenye kile chumba kingine, aliyejenga kwa mkopo wa vikoba, alibaki ameshika funguo mlangoni.

Chumba chake hakina kasoro yoyote. Kinachokosekana ni daladala.

Na faida ya viwanja vya lami hairudi kumfungulia njia mama yule. Kodi ya majengo ya nyumba ya kawaida, tangu ipandishwe mwaka 2023, ni shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, iwe nyumba ipo karibu na stesheni au kule ambako hata bajaji inakataa kwenda mvua ikinyesha. Najua kiwango hicho hakipangwi ofisini kwako, na leseni za daladala ni za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

Lakini Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa halmashauri mamlaka ya kupanga ardhi. Nakuomba ukae na LATRA na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mchore ruti itakayotoka stendi ya Msamvu, ipite stesheni ya Kihonda, iingie mitaa ya ndani ya Lukobe na Mkundi. Ramani ibandikwe ofisi za kata na za mitaa, ili mzee anayetaka kuuza robo eka ajue njia itapita wapi kabla ya kuweka dole gumba. Bikoni, yaani alama za mipaka, za barabara na za vituo zisimikwe sasa, mashamba yangali mashamba. Mkichelewa, patajengwa, na kila mita ya njia itadai fidia kwa bei ile ile iliyopandishwa na reli.

Ukipata nafasi, njoo Lukobe saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simama pale lami inapoishia, uhesabu wanaotoka ndani kwa miguu, viatu vya kazini vikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Nitakuwepo, na huyo mama nitamwomba aje.

Mkazi wa Lukobe, Morogoro