Mwanangu, kuhusu safari ya ndege na hao wajukuu wangu

Mwanangu,

Huku Kondoa hatujambo, upepo tu na vumbi lake. Baba yako anawasalimia.

Umeniuliza utawatulizaje watoto ndani ya ndege. Hapo Dodoma mpaka Dar pasikuumize kichwa, ni kama saa moja tu. Wakishashangaa mawingu na kunywa maji, mmefika. Kazi ipo Dar kwenda Dubai, masaa matano na ushei.

Simu iwe ya mwisho. Ukianza nayo, ikiisha chaji huna kingine, na hakuna kilio kama cha mtoto aliyekatiwa katuni.

Huyu mdogo hajatimiza miaka miwili, utampakata njia nzima, kwa hiyo mchezo wake uwe hapohapo mapajani. Mpe khanga. Funga mafundo kwenye mapindo, vile bibi zako walivyofunga hela, na kila fundo lifiche kitu: kijiko, kipande cha biskuti, kile kitambaa chake chekundu. Usikaze sana. Utamwona ulimi nje, vidole vinahangaika, na kelele hakuna. Akimaliza, funga upya. Vifungo na vinginevyo vya kumezeka usitie.

Kaka mtu ni wa vitendawili. Tegeaneni kwa kunong'ona. Atakayepaza sauti amepoteza zamu. Ukishindwa, mpe mji. Namjua: Mpwapwa atakataa, Kongwa atakataa, mtamaliza mkoa mzima hajakubali.

Zabibu najua utabeba, mtu wa Dodoma ataziachaje? Zikate nyumbani kwa urefu, kila moja vipande vinne, maana nzima humkaba mtoto, na kisu hawatakuruhusu kuingia nacho. Karanga ziache.

Sasa nisikilize hapa. Ndege ikianza kushuka, mgandamizo wa hewa hubadilika na masikio huziba. Kumeza ndiko kunakoyazibua, na mtoto mdogo hajui kumeza mate kwa makusudi. Analia, watu wanadhani ana deko. Mnyonyeshe wakati huo, hata kama amelala mwamshe. Mkubwa mpe maji kwa mrija, anywe kidogokidogo. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua, kwa hiyo usingoje magurudumu yaguse chini.

Khanga nimempa mdogo wako akuletee, anapanda basi la kesho asubuhi. Ni ile kuukuu. Mpya ni ngumu, fundo halishiki.

Mama yako