Seva ya video haina kosa, tazameni njia yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye kampuni za kutengeneza vipindi na matangazo, hasa wale wanaotoa fedha nyingi kununua seva ya kuhifadhia video, kisha wakashangaa kuona wahariri wao bado wanapokezana diski za mkononi meza kwa meza.

Mara nyingi seva yenyewe haina kosa. Mtandao wa kawaida wa ofisi hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde, yaani megabaiti 125, na kwa matumizi halisi hupatikana kama 110 tu. Video ya 4K iliyorekodiwa kwa ProRes 422 HQ, aina ya faili la video lenye ubora wa juu, yenye fremu 25 kwa sekunde, huhitaji takribani megabaiti 92 kila sekunde. Mhariri mmoja akifungua picha za kamera moja, njia imekaribia kujaa. Akiongeza kamera ya pili, kama afanyavyo kila anayehariri mahojiano, picha zitakwamakwama hata diski za seva ziwe za kasi namna gani.

Hesabu hiyo ndiyo ingetangulia manunuzi. Wahariri watatu, kila mmoja akitumia kamera mbili kwa pamoja, wanahitaji zaidi ya megabaiti 550 kwa sekunde. Diski ngumu moja hutoa kama 200 inaposoma faili moja kwa mfululizo, na hupungua sana inapodaiwa mafaili sita kwa wakati mmoja, ndiyo maana hufungwa diski nane kwa mpango wa RAID 6, unaoziunganisha zifanye kazi kama diski moja, pamoja na swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta na seva) ya gigabiti 10 na kadi za mtandao za kasi hiyo katika seva na kompyuta za uhariri. Kompyuta ya mhasibu ibaki ilivyo. Kwa upande wa kebo za mtandao, daraja la Cat 6 huaminika kwa kasi hiyo hadi kama mita 55 na Cat 6A hadi mita 100. Na kwa kuwa kebo ikishapita ukutani ni adha kuibadilisha, mimi ningelaza 6A leo hata kama swichi itanunuliwa mwakani. Asiyekuwa na uwezo huo ahariri kwa nakala nyepesi, yaani video zilezile zilizopunguzwa ukubwa, arudie picha halisi wakati wa kukamilisha kazi.

Wapo pia wanaoamini kuwa RAID ni nakala rudufu. RAID 6 huvumilia diski mbili kufa, lakini haiokoi faili lililofutwa kwa bahati mbaya, wala haizuii mwizi au moto. Saa moja ya video niliyoitaja ni kama gigabaiti 330, mzigo ambao intaneti ya ofisi nyingi haiwezi kuupandisha kila siku, hivyo nakala ya pili iwe kwenye diski zinazohifadhiwa jengo jingine.

Fundi atakayeleta makadirio ya bei ya seva bila kwanza kuuliza idadi ya wahariri, aina ya video na umri wa kebo zilizomo ukutani, arudishwe akahesabu upya.

Wako,
Mhariri wa video,
Kijitonyama, Dar es Salaam