Malalamiko: namba ya okteni isiyoeleweka kwenye pikipiki yenu na waranti mliyoninyima

Kwa: Meneja, Huduma kwa Wateja

Habari za kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeshaongea na watu wenu wa mapokezi, nimeongea na fundi wenu, nimewaandikia barua pepe, na kila mtu kanipa jibu lake, ndio maana safari hii naandika barua nzima niweke kila kitu sehemu moja.

Nina pikipiki yenu ile ya kabureta, injini ya kupozwa na upepo, na bado iko ndani ya waranti. Ilianza kugonga. Sio kelele ya cheni wala ya tapeti, hizo nazijua, hii ni ile ya kama mtu anarusha kokoto ndogo kwenye bati, inatokea ukiwa unapanda mlima umepakia abiria, gia ya nne, ukifungua moto wote, yaani aksileta mpaka mwisho, inaanza na ukipunguza inaacha. Nikaileta kwenu. Fundi akaiwasha palepale ikiwa imesimama, akasikiliza kidogo, akaniuliza naweka mafuta gani, nikamwambia ya kawaida, basi akaandika kwenye fomu "matumizi ya mafuta yasiyofaa" na waranti ikaishia hapo. Plagi hakufungua, barabarani hakuitoa, wala hakuniuliza inagonga ikiwa kwenye hali gani, wakati kelele ya aina hiyo huwezi kuisikia injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka taratibu pikipiki imesimama, bila mzigo wowote!

Sasa twende kwenye hayo mafuta yasiyofaa. Ukifungua kifuniko cha tenki kuna stika imeandikwa 91. Hiyo tu, 91, na kapicha ka pampu pembeni. Ukifungua kitabu mlichonipa siku nanunua, sehemu ya mafuta, kimeandikwa okteni, yaani kile kipimo cha petroli kuvumilia kugandamizwa bila kujiwakia, isipungue 87. Nikauliza mapokezi nifuate ipi, dada akaniambia kaka we weka ile ya juu kabisa ndio inalinda injini. Barua pepe yenu ikasema nitumie "mafuta bora yenye okteni inayopendekezwa", na mimi nilichokuwa nauliza ni hichohicho, inayopendekezwa ni ipi.

Nimekaa nikaisoma hii habari mpaka nikaielewa, na kinachoniuma zaidi ni kwamba zile namba mbili kumbe zinasema kitu kimoja. Okteni inapimwa kwa njia zaidi ya moja. Kuna RON, hiyo wanapima kwenye injini maalum ya majaribio ya silinda moja ikizunguka mara 600 kwa dakika, halafu kuna MON, injini inazungushwa mara 900 na mchanganyiko unaoingia unapashwa moto kwanza, ndio maana mafuta yaleyale MON yake inatoka ndogo kuliko RON. Marekani na Kanada pampu zinaandika wastani wa hizo mbili, wanauita AKI, wakati Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika na Asia pampu zinaandika RON. Kwa hiyo petroli ya RON 91 ukiipeleka Marekani inasomeka karibu 87. Yaani stika yenu inaongea RON na kitabu chenu kinaongea AKI, na hakuna sehemu hata moja mmeandika herufi hizo tatu. Herufi tatu tu jamani zingemaliza ubishi wote huu.

Na msione ni jambo dogo. Mtu wa nchi ya RON akifuata kitabu anaweza kuweka RON 87 au 88 akaona yuko sawa, na mafuta ya hivyo yamewahi kuuzwa, Indonesia waliuza RON 88 miaka mingi tu. Huyo anaiua pistoni yake taratibu huku kitabu chenu kikimwambia yuko salama. Mwingine anayesoma pampu za AKI akifuata stika atatafuta 91, ambayo kwa RON ni kama 95 hivi au zaidi kidogo, kwahiyo kila akijaza tenki analipia kitu ambacho injini yake haina kazi nacho.

Hapo ndio nakuja kwenye ushauri wa mapokezi. Okteni sio nguvu na sio usafi wa mafuta. Ni uwezo wa petroli kuvumilia joto na kugandamizwa bila kujiwakia yenyewe. Plagi ikishawasha, moto unatakiwa utembee kwenye silinda mpaka uumalize mchanganyiko wote, sasa kama ule mchanganyiko wa mwisho huko pembeni umepata joto na shinikizo kupita kiasi unajilipukia wenyewe kabla moto haujaufikia, na hapo ndio unasikia kugonga. Pikipiki ya mbio yenye mgandamizo wa 13 kwa 1, yaani pistoni inabana mchanganyiko mpaka sehemu moja ya kumi na tatu ya nafasi yake, inahitaji okteni kubwa kweli. Hii yenu kitabu kinasema 9 kwa 1, na haina sensa ya kugonga wala kompyuta ya kurudisha taimingi, yaani muda wa plagi kuwasha, nyuma au kuipeleka mbele kulingana na mafuta kama magari mengi ya kisasa, kwa hiyo ukishafika ile okteni inayohitaji, ukiongeza juu yake hupati chochote. Dawa za kusafisha injini ambazo baadhi ya kampuni za mafuta wanaweka kwenye petroli yao ya bei ya juu ni habari nyingine kabisa, zinaweza kuwa na faida yake lakini haziko kwenye ile namba. Wafundisheni watu wenu hiki kitu kwasababu wateja wanawaamini.

Fundi wenu aliongeza kwamba petroli ya siku hizi imeondolewa madini ya risasi ndio maana pikipiki zinagonga. Risasi ilianza kuwekwa kwenye petroli miaka ya 1920 ili kupandisha okteni, ikaonekana ni sumu, nchi zikaiacha moja baada ya nyingine mpaka Algeria wakawa wa mwisho kuacha kuiuza mwaka 2021. Pikipiki yangu imetengenezwa juzi tu, kitabu chenu wenyewe kinasema petroli isiyo na risasi, sasa iweje risasi iwe sababu.

Turudi kwangu. Mafuta ya kawaida ninayoweka mimi pampu imeandika RON 95. Kama stika yenu ni ya RON basi niko juu yake kwa namba nne, na kama mna maana nyingine mngeiandika. Nilipoona nyie mmeshafunga mjadala nikampelekea fundi mwingine. Akafungua plagi, kwenye ile kaure nyeupe kulikuwa na vidoa vidogo sana vya kijivu vinavyong'aa, akanisogeza nitazame kwenye mwanga akaniambia hiyo ni alumini inatoka kwenye kichwa cha pistoni, kwahiyo inagonga kweli na imeshaanza kula. Akafungua kabureta. Skrubu za chini bado zilikuwa na ile rangi ya njano mnayopaka kiwandani, haijapasuka, maana yake hakuna mtu aliyewahi kuigusa kabla yake. Ndani jeti kubwa ina namba ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye jedwali la vipimo kwenye kitabu chenu. Jeti kubwa ndio inayopimia petroli ukifungua moto wote, ikiwa ndogo hewa inakuwa nyingi petroli kidogo, joto la silinda linapanda, na injini ya kupozwa na upepo ikiwa inapanda mlima taratibu na mzigo haina upepo wa kutosha kuiokoa, kwa hiyo inagonga hata kwenye mafuta mazuri. Akafunga jeti yenye namba ya kitabu na plagi mpya. Mafuta ni yaleyale RON 95, mlima uleule, abiria uzito uleule, haigongi tena.

Kwa hiyo kosa ni la kiwandani, na nyie mmeliandika kwa jina langu. Naomba lile neno la mafuta yasiyofaa lifutwe kwenye rekodi ya pikipiki yangu, kwasababu kesho likitokea tatizo lingine mtalitoa hilohilo. Naomba mnirudishie gharama ya jeti, plagi na ufundi, risiti nimeambatanisha pamoja na picha za plagi, za stika na za ukurasa wa kitabu. Na naomba mfungue silinda kwa gharama zenu mwangalie pistoni imeumia kiasi gani, maana imekimbia muda kwenye hali ile na mimi sitaki kusubiri itoboke ndio tuanze kubishana upya.

Stika nazo mzibadilishe, iandikwe RON 91 na kitabu kiandike hivyohivyo, na kama kitabu kinaenda pia kwenye masoko ya AKI basi wekeni zote mbili pembeni kwa pembeni mtu achague ya pampu yake. Pia angalieni kabureta za pikipiki zilizotoka pamoja na yangu, sidhani kama jeti hiyo ilifungwa kwenye moja tu, na kuna watu saa hizi wanaongeza hela kwenye mafuta ya juu wakidhani wanatibu ugonjwa.

Jibu naomba liwe la maandishi, na liandikwe na mtu wa ufundi anayeijua hii injini.

Mteja wenu